Nyambizi S-363

S-363 ilikuwa nyambizi ya Umoja wa Kisovyeti iliyopanda mwamba usiku wa tarehe 27 Oktoba 1981 ndani ya maji ya Uswidi, karibu na kituo kikuu cha jeshi la majini cha Karlskrona. Waswidi waliiita U 137. Asubuhi iliyofuata wavuvi waliikuta imepwelewa juu ya mawe.

Nahodha, Anatoly Gushchin, alidai vyombo vya kuongozea vilikuwa vibovu. Waswidi wengi hawakusadiki, maana kufika pale kulihitaji kupenya visiwa vidogo na miamba mingi. Vipimo viliashiria urani ndani ya nyambizi, na hapo mshangao ukageuka hasira. Waziri Mkuu Thorbjörn Fälldin aliagiza mpaka ulindwe.

Mzaha nao haukukosekana. Nyambizi za aina hiyo NATO iliziita "Whiskey", na kwa Kiingereza kukwama mwambani na kinywaji chenye barafu husemwa kwa maneno yaleyale: "on the rocks". Utani huo ndio uliozaa jina la tukio.

Nyambizi ilikabidhiwa kwa Wasovyeti tarehe 6 Novemba.