Bunduki, Darubini na Kwera wa Kilifi

Ndege aitwaye kwera wa Kilifi aliingia katika vitabu vya sayansi mwaka 1913. Dume ana kichwa na mgongo mweusi, na tumbo la manjano. Jina lake la kisayansi, Ploceus golandi, lilimkumbuka Goland Clarke, aliyempata huku Pwani ya Kenya. Nduguye, Stephenson Clarke, ndiye aliyemweleza kwa wataalamu. Lakini karne nzima ikapita wataalamu wasijue anatagia wapi.

Enzi hizo elimu ya ndege ilitegemea bunduki. Chama cha elimu ya viumbe cha Afrika Mashariki, ambacho leo tunakiita Nature Kenya, kiliundwa Nairobi mwaka 1909, na miongoni mwa waasisi wake alikuwemo Frederick Jackson, ofisa mkubwa wa serikali ya kikoloni. Chama kikafungua jumba dogo la makumbusho, chimbuko la Makumbusho ya Taifa ya leo. Ndege walichunwa, ngozi zikahifadhiwa kabatini, kila moja na kikaratasi chake cha tarehe na mahali. Ngozi hizo ni hazina. Watafiti wanazitumia mpaka sasa. Hata hivyo inaniuma kwamba wenyeji walioongoza njia porini, waliomjua kila ndege kwa sauti yake, majina yao ni nadra kuonekana kwenye vikaratasi hivyo.

Mwaka 1971 Fleur Ng'weno, ambaye baadaye alihariri jarida la watoto la Rainbow, alianza kuongoza matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi. Watu hukutana Makumbusho Nairobi, wakagawana nafasi kwenye magari, wakaenda City Park, Karura au kwenye kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu. Haulizwi mtu cheti. Mwenye darubini humwazima asiye nayo, na anayejua humwonyesha mgeni tawi lenyewe: pale, kushoto, chini ya lile jani kavu. Vijana kadhaa walioanzia hapo wamekuwa waongozaji wa watalii na watafiti.

Kwangu mimi, nguvu ya matembezi haya ni kurudi palepale. Anayepita Ondiri mara moja huona ndege. Anayerudi mwaka baada ya mwaka hujua mbayuwayu wa Ulaya wamewasili lini, na ni nani ambaye hajaonekana tena tangu matete yakatwe. Moyo huohuo wa kujitolea ndio unaobeba hesabu ya ndege wa majini katika maziwa ya Bonde la Ufa, iliyoanza mwaka 1991 na kuwatoa watu alfajiri kwenda kuhesabu kando ya Nakuru na Naivasha.

Machi 2013, Fleur Ng'weno na wanakikundi wa uhifadhi wa msitu wa Dakatcha, kaskazini mwa mto Sabaki, waliwakuta kwera wa Kilifi wakijenga viota kwenye kinamasi cha msimu, kile kinachojaa mvua inyeshapo na kukauka baadaye. Miaka 100 ilikuwa imetimia. Ugunduzi huo ulitokana na wenyeji wanaoujua msitu wao na watu waliozoea kutembea wakisikiliza. Dakatcha inakatwa kwa ajili ya mkaa na mashamba ya mananasi, na ndege huyu anajulikana huko na katika msitu wa Arabuko-Sokoke tu. Sasa wanakijiji wanaoutetea msitu huo wanaweza kuonyesha kwa kidole kinamasi chenyewe kinachopaswa kuachwa.