Okestra ya Tamasha la Lucerne: wanamuziki wanaokutana kila Agosti

Kila mwaka, ifikapo Agosti, wanamuziki wapatao mia moja huwasili katika mji wa Lucerne, katikati ya Uswisi, kila mmoja na ala yake. Wengi wao wameajiriwa kwingineko: wengine ni wapigaji wakuu katika okestra za Ulaya, wengine ni walimu wa vyuo vya muziki, na wapo waliozoea kusimama peke yao mbele ya hadhira. Kwa majuma machache huketi pamoja, hufanya mazoezi, hutoa maonyesho, kisha hutawanyika. Hiyo ndiyo Okestra ya Tamasha la Lucerne, ambayo tangu mwaka 2003 imehesabiwa na wakosoaji wengi kuwa miongoni mwa zilizo bora duniani.

Okestra ya kawaida hufanya kazi kwa mishahara, mikataba na ratiba ya mwaka mzima. Wapigaji wa fidla, ala ambayo wapenzi wa taarab ya Unguja wanaifahamu vyema, huketi mbele pamoja na wapigaji wa ala kubwa zaidi za nyuzi. Nyuma yao huwa filimbi, klarineti na tarumbeta, na mwisho kabisa ngoma. Anayewaunganisha ni kiongozi asiyepiga ala yoyote, mwenye fimbo ndogo mkononi. Okestra ya tamasha hupangwa vivyo hivyo jukwaani. Tofauti ni namna watu wake wanavyopatikana: hualikwa, na huja kwa sababu wanataka kupiga muziki na watu fulani, mahali fulani.

Kwa Lucerne, chimbuko la mwaliko huo ni siasa.

Agosti 25, 1938

Katika miaka ya thelathini, tamasha kubwa la muziki katika nchi zinazozungumza Kijerumani, ukiacha lile la Bayreuth, lilikuwa la Salzburg, nchini Austria. Nyota wake alikuwa Arturo Toscanini, kiongozi wa okestra kutoka Italia, mtu mkali mwenye sikio lisilosamehe kosa. Ukali huo aliutumia pia dhidi ya watawala. Mwaka 1931, mjini Bologna, alikataa kupiga wimbo wa chama cha Mafashisti kabla ya onyesho, akashambuliwa na wafuasi wa chama hicho nje ya ukumbi. Mwaka 1933 alijitoa katika tamasha la Bayreuth kwa sababu ya vitendo vya Wanazi dhidi ya wanamuziki wa Kiyahudi. Desemba 1936 alikwenda Palestina kuongoza maonyesho ya kwanza ya okestra iliyoundwa na Bronisław Huberman kwa ajili ya wanamuziki wa Kiyahudi waliofukuzwa kazi barani Ulaya. Na mapema mwaka 1938, shinikizo la Hitler kwa Austria lilipozidi, aliwaarifu watu wa Salzburg kwamba hatakwenda tena. Mwezi Machi Austria ikamezwa na Ujerumani.

Lucerne ni mji wa kitalii kando ya ziwa, na viongozi wake walikuwa wakitafuta njia ya kuwavuta wageni. Waliona nafasi yao. Kwa msaada wa Ernest Ansermet, kiongozi wa okestra wa Kiswisi, Toscanini aliombwa aje, naye akakubali. Wapigaji walikusanywa kutoka okestra za Uswisi, na pamoja nao akaketi Adolf Busch, mpiga fidla Mjerumani asiye Myahudi aliyekataa kuendelea kupiga katika nchi yake baada ya Hitler kushika madaraka, pamoja na wenzake wa kundi lake la wapiga nyuzi wanne. Katika kiangazi hicho hicho walifika pia Bruno Walter, ambaye Wanazi walimfukuza kwa asili yake ya Kiyahudi, na Fritz Busch, ndugu yake Adolf.

Onyesho la Toscanini la Agosti 25 lilifanyika nje, katika bustani ya nyumba ya Tribschen, na mahali hapo panahitaji maelezo. Mtunzi Richard Wagner aliishi humo kuanzia mwaka 1866 hadi 1872. Asubuhi ya Desemba 25, 1870, aliwapanga wanamuziki wachache kwenye ngazi za nyumba hiyo ili wamwamshe mkewe, Cosima, kwa utunzi mpya aliouandika kama zawadi ya siku yake ya kuzaliwa. Hans Richter, aliyekuja kuwa kiongozi mashuhuri wa okestra, alipiga tarumbeta kwa vipimo kumi na vitatu tu katika utunzi wote. Leo utunzi huo unajulikana kwa jina la Siegfried Idyll.

Hata hivyo, ni katika nyumba hiyo hiyo ambamo Wagner alichapisha upya, mwaka 1869 na safari hii kwa jina lake mwenyewe, kijitabu chake cha kuwatukana Wayahudi katika muziki. Hitler alimpenda Wagner kupita watunzi wote. Kwa hiyo Toscanini alipoipiga Siegfried Idyll mbele ya nyumba ya mtunzi, katika nchi isiyo chini ya Wanazi, akiwa na wapigaji waliokwishakata uhusiano na Ujerumani, kila aliyekuwapo alielewa maana yake. Muziki ule ulikuwa ukinyang'anywa mikononi mwa waliodai kuumiliki.

Lakini si haki kuisimulia siku hiyo kana kwamba Uswisi nzima ilikuwa imefungua milango. Siku sita kabla ya onyesho, tarehe 19 Agosti, serikali ya Uswisi iliamua kufunga mpaka kwa wakimbizi wasio na viza, na wengi wao walikuwa Wayahudi wa Austria. Mwanamuziki mashuhuri alipokewa kwa maua. Fundi cherehani kutoka Vienna alirudishwa. Masimulizi ya tamasha hili hutaja jambo la kwanza mara nyingi zaidi kuliko la pili.

Mwaka 1939 Toscanini alirudi na kuongoza Misa ya Wafu ya Verdi katika kanisa la Wajesuiti la Lucerne. Vita vilizuka majuma machache baadaye, na mwaka 1940 tamasha halikufanyika. Kuanzia mwaka 1943 hadi 1993 liliendelea kuwa na okestra yake yenyewe iliyojazwa na wanamuziki wa Uswisi, kisha okestra hiyo ikavunjwa. Waandaaji walitegemea okestra za wageni, nazo zilikuja kwa wingi.

Kiongozi aliyesema kidogo

Claudio Abbado alizaliwa Milan mwaka 1933. Akiwa mtoto aliwahi kumwona Toscanini akifanya mazoezi, na baadaye alisimulia kwamba makelele ya mzee yule kwa wapigaji wake yalimchukiza. Yeye alichagua njia nyingine. Katika mazoezi alizungumza kwa uchache kiasi cha kuwashangaza waliomjua mara ya kwanza; alichotaka ni wapigaji wasikilizane wao kwa wao, kama wafanyavyo watu wanne au watano wanaopiga pamoja chumbani.

Alipanda hadi kileleni: aliongoza La Scala ya Milan, kisha kuanzia mwaka 1989 Berlin Philharmonic. Sambamba na kazi hizo alianzisha okestra za vijana, mojawapo ikiwa Gustav Mahler Jugendorchester ya mwaka 1986. Vijana wake walipokua hawakutaka kutengana, na mwaka 1997 wakaunda Mahler Chamber Orchestra.

Mwaka 2000 Abbado alipasuliwa kwa saratani ya tumbo. Aliporudi jukwaani alikuwa amekonda sana, na wengi waliamini kazi yake inaelekea ukingoni. Mwaka 2002 aliondoka Berlin. Angeweza kupumzika. Badala yake yeye na Michael Haefliger, mkurugenzi wa tamasha la Lucerne, waliamua kuifufua okestra ya Toscanini kwa namna ambayo hakuna ofisi ya ajira ingeweza kuipanga: Abbado aliwaita marafiki zake.

Kiini kilikuwa Mahler Chamber Orchestra. Juu ya kiini hicho waliketi watu ambao kwa kawaida hawaketi katika safu za okestra. Mpiga selo Natalia Gutman alikuwa msanii wa kujitegemea mwenye sifa kubwa tangu enzi za Urusi ya Kisovieti. Wanandugu wa kundi la Hagen kutoka Salzburg walikuja. Kolja Blacher, aliyekuwa kinara wa wapiga fidla wa Berlin, alishika kiti hicho hicho hapa. Wolfram Christ, aliyeongoza kwa miaka mingi wapigaji wa viola wa Berlin, alikuja pia, na Reinhold Friedrich akaongoza tarumbeta.

Alikuwapo vilevile Sabine Meyer, mpiga klarineti. Jina lake lilijulikana Ujerumani nzima mwaka 1983, pale Herbert von Karajan alipotaka kumwajiri Berlin Philharmonic, na wapigaji, karibu wote wanaume, wakapiga kura nyingi kumkataa. Yeye aliondoka, akajijengea jina akiwa peke yake. Miaka ishirini baadaye aliketi Lucerne bega kwa bega na baadhi ya watu waliotoka Berlin, kwa mwaliko na bila kura yoyote.

Agosti 2003 okestra hiyo ilipiga Simfonia ya Pili ya Gustav Mahler, kazi ndefu inayoanza na mazishi na kuishia na ufufuo. Ukumbi ulikuwa ule uliofunguliwa mwaka 1998 kando ya ziwa, uliosanifiwa na Jean Nouvel wa Ufaransa kwa paa pana linaloelea juu ya maji. Mtaalamu wa sauti Russell Johnson kutoka Marekani aliuzungushia ukumbi vyumba vya mwangwi vyenye milango mizito, ambayo hufunguliwa au kufungwa kulingana na muziki unaopigwa. Humo ndani hata fidla moja inayopigwa kwa ncha ya upinde husikika safu ya mwisho, na kikohozi cha mtu mmoja pia.

Mwaka baada ya mwaka waliendelea na Mahler. Mwaka 2007 waliipeleka Simfonia ya Tatu London, katika ukumbi wa Royal Albert. Mwaka 2010 ilikuja zamu ya Simfonia ya Tisa, ambayo humalizika kwa nyuzi peke yake, zikififia hadi msikilizaji asijue kama bado zinapigwa. Sauti ya mwisho ilipokwisha Abbado hakushusha mikono mara moja. Hakuna aliyepiga makofi. Takriban dakika mbili zilipita, watu zaidi ya elfu moja wakiwa kimya. Kanda ya onyesho hilo ipo, na kwa maoni yangu kimya kile ni sehemu ya kazi yenyewe. Anayeizima kabla hajafika hapo hajausikiliza muziki wote.

Simfonia moja tu ya Mahler ilimponyoka Abbado, nayo ni ya Nane. Ilipangwa kwa mwaka 2012, ikaondolewa kwenye ratiba, na mahali pake pakapigwa Misa ya Wafu ya Mozart. Agosti 2013 aliongoza kazi mbili ambazo watunzi wake hawakuzimaliza: simfonia ya Schubert iitwayo "Isiyokamilika" na Simfonia ya Tisa ya Bruckner. Hilo likawa onyesho lake la mwisho. Alifariki Januari 20, 2014.

Jukwaa tupu

Okestra iliyojengwa juu ya urafiki na mtu mmoja hufanya nini mtu huyo anapokufa? Aprili 6, 2014 wapigaji walirudi Lucerne kumkumbuka. Walianza na sehemu ya kwanza ya simfonia ile ile ya Schubert, bila kiongozi. Kijukwaa cha mbele kiliachwa tupu, na wapigaji wakaanza pamoja kwa kusikilizana. Andris Nelsons wa Latvia alipanda baadaye kuongoza sehemu ya mwisho ya Simfonia ya Tatu ya Mahler.

Wapo waliodhani ingefaa kuishia hapo. Waandaaji waliamua vingine, na mwaka 2016 Riccardo Chailly, mzaliwa wa Milan kama Abbado, alishika uongozi. Baadhi ya marafiki wa zamani waliondoka. Wapigaji kutoka La Scala waliingia. Sauti ilibadilika, jambo ambalo wasikilizaji wa siku nyingi hawakuacha kulilalamikia, ingawa ni vigumu kuona lingeepukwaje. Kazi ya kwanza ya Chailly ilikuwa Simfonia ya Nane ya Mahler, ile iliyokosekana, nayo iliwekwa wakfu kwa Abbado.

Swali la nani anaketi jukwaani lilirejea kwa sura nyingine mwaka 2022, tamasha lilipochagua mada ya watu wa asili mbalimbali. Viti bora vya maonyesho haya hugharimu zaidi ya faranga 300 za Uswisi, na weusi katika okestra kubwa za Ulaya ni wachache mno. Mwaka huo ilialikwa Chineke!, okestra iliyoanzishwa London mwaka 2015 na Chi-chi Nwanoku, mpiga besi ambaye baba yake alitoka Nigeria, na ambayo wapigaji wake wengi ni weusi au wenye asili ya Asia. Okestra ya tamasha yenyewe ilifungua msimu ikiwa na Anne-Sophie Mutter, aliyepiga utunzi wa fidla na okestra wa Joseph Bologne, aliyezaliwa Guadeloupe katika karne ya 18 na mama Mwafrika aliyekuwa mtumwa, na ambaye katika siku zake aliongoza mojawapo ya okestra bora za Paris.