Kasri Ziko Ujerumani, Njia Ziko Kajiado

Binamu yangu anasoma Ujerumani. Majuzi alinitumia video akiwa kwenye baiskeli kando ya mto Rhine, na kila akipiga kona kuna kasri juu ya kilima. Kipande hicho cha mto, kutoka Koblenz mpaka Bingen, ni kama kilomita 65 tu, lakini kina kasri na magofu karibu 40. UNESCO waliliweka bonde hilo kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2002. Mwisho wa video akaniuliza, na ile sauti yake ya kujisikia: "Na nyinyi huko Kitengela mna nini?"

Niliandika "nyama choma," nikafuta. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu, na hiyo iliniuma. Nimeishi Kajiado maisha yangu yote, na mtu akisema "historia" akili yangu inakimbilia Fort Jesus kule Mombasa ama kasri za wazungu. Yaani kama hakuna ukuta wa mawe, basi hapakuwa na kitu.

Hebu tuanze na hizo kuta. Kasri maarufu kuliko zote Ujerumani ni Neuschwanstein, ile watu husema Disney walichukua wazo kwake. Unadhani ni ya enzi za mashujaa wa panga na farasi? Ilianza kujengwa mwaka 1869. Mfalme Ludwig wa Pili wa Bavaria alitaka nyumba mpya ionekane ya kale. Alikufa Juni 1886 kabla haijaisha, na wiki chache baadaye watu wakaanza kulipa kiingilio kuiangalia. Novemba mwaka huo huo, Uingereza na Ujerumani zikakubaliana mpaka wao wa Afrika Mashariki, na mstari ukapita katikati ya nchi ya Wamaasai. Ukishika barabara ya Namanga hapa Kitengela ukaifuata mpaka mwisho, utaugonga. Kwa hiyo sisi na hao wenye kasri si wageni kabisa.

Basi nikaita wasee wawili wa mtaa, tukakopa baiskeli moja iliyokuwa imepungua, na Jumamosi saa kumi na moja alfajiri tukatoka. Mpango ulikuwa Kitengela, Tuala, Rongai, Kiserian, halafu Corner Baridi na kushuka barabara ya Magadi mpaka Olorgesailie. Mpaka Kiserian ni kuhema tu. Lakini ukishapita Corner Baridi, bonde la ufa linafunguka mbele yako na unashuka karibu mita 1,000. Pale huhitaji kukanyaga pedali. Unahitaji breki nzuri na sala.

Olorgesailie haina mnara wala lango kubwa. Ni makumbusho madogo kwenye udongo mweupe, chini ya mlima wa volkano iliyokufa zamani. Ukiingia unapelekwa kwenye daraja la mbao, na chini yako kuna mashoka ya mkono ya mawe, mengi ajabu, yameachwa palepale yalipokutwa. Louis na Mary Leakey walianza kuchimba hapa miaka ya 1940, wakisaidiwa na wafungwa wa vita Waitaliano, na mwaka 1947 watu wakafunguliwa mlango. Zana za pale zinaanzia zaidi ya miaka milioni moja iliyopita. Mwaka 2003 ulipatikana mfupa wa fuvu la binadamu wa kale wa kama miaka 900,000. Weka hiyo kando ya 1869, halafu uniambie nani ana magofu.

Lakini umri si kitu kilichonishika. Kilichonishika ni jiwe jeusi linalong'aa kama kipande cha chupa.

Mwaka 2018 watafiti waliokuwa wakichimba hapo walichapisha walichopata kwenye tabaka za kama miaka 300,000 iliyopita. Mashoka makubwa yalikuwa yameisha, zikaja zana ndogo, kali zaidi. Na baadhi zilitengenezwa kwa hilo jiwe jeusi la volkano, ambalo pale Olorgesailie halipo. Walipolipima, wakaona lilitoka sehemu zilizo mbali, kuanzia kilomita 25 mpaka zaidi ya 90. Kuna mtu alilibeba. Ama kundi moja lilimpa kundi lingine, nalo likampa lingine, mpaka likafika. Kumbe kabla ya ukuta wowote duniani, Kajiado ilikuwa na njia. Mimi nilikuwa nimefika pale kwa magurudumu na miguu inatetemeka, nikawaheshimu sana hao wazee.

Na ukishaanza kuona njia, unaziona kila mahali kwenye historia yetu. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ilifanya mkataba na Wamaasai. Wangeondoka bonde la ufa kupisha walowezi, wapewe maeneo mawili: moja Laikipia, lingine huku kusini. Ndani ya mkataba huo Wamaasai waliomba njia yenye maji ya kuunganisha maeneo hayo mawili, ili watu na ng'ombe waweze kutembeleana. Walijua ardhi isiyo na njia ni kifungo. Miaka saba tu baadaye, mwaka 1911, mkataba mwingine ukawaondoa Laikipia, wakaswagwa kusini na mifugo yao. Mwaka 1913 Ole Njogo na wenzake walienda kortini. Korti ikasema ule mkataba ni kama wa nchi na nchi, kwa hiyo haina uwezo wa kuusikiliza. Yaani uliahidiwa kama taifa, ukanyang'anywa kama raia. Hilo eneo la kusini ndilo leo tunaita Kajiado na Narok.

Sasa hapa ndipo stori inaniingia mimi mwenyewe. Ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, kila mwanachama akapata kipande chake. Vipande vikauzwa, vikakatwa tena, mpaka zikatoka ploti za hamsini kwa mia. Moja ya hizo ndiyo nyumbani kwetu. Mama alilipa miaka na miaka kuipata, na siwezi kusimama hapa nijifanye sina mkono. Nyumbu waliokuwa wakipita uwanda huu kwenda na kurudi mbuga ya Nairobi sasa wanakutana na waya. Mwaka 2000 ulianza mpango uliowalipa wenye ardhi dola 4 kwa ekari kwa mwaka wasizungushe ua. Linganisha hiyo na bei ya ploti, utaelewa kwa nini ua zinashinda.

Asubuhi ile, kabla hatujafika Tuala, tulifuata njia ya ng'ombe tukidhani tunapunguza mzunguko. Ikaishia kwenye waya. Tulimkuta mzee na mbuzi wake, tukamwamkia, akatuonyesha kwa fimbo pa kuzungukia. Alisema hata yeye siku hizi anazunguka. Hakulalamika. Hiyo ndiyo iliyonikaa kichwani njia nzima.

Kwa hiyo binamu, jibu lako hili hapa. Kasri tunazo, tena nyingi. Njoo Kitengela uone: kuta za futi kumi, vioo juu, simba wa simenti getini. Tofauti ni kwamba Wajerumani wamefungua zao. Sheria yao ya misitu ya mwaka 1975 inamruhusu yeyote kuingia msituni kupumzika, hata msitu uwe wa mtu binafsi, na baiskeli inapita kwenye njia zake. Uzuri wa video yako haukuwa kasri, bana. Ulikuwa ile njia iliyokufikisha bila mtu kukufungia geti. Wao wanatoa kuta, sisi ndio kwanza tunazijenga.

Sisemi watu wasiwe na nyumba. Nasema kabla ya kukata ploti inayofuata, acheni njia, na kaunti iichore kwenye ramani kabla haijawa ukuta wa mtu. Hiyo ni gharama ndogo sana kuliko kujenga makumbusho baadaye ya kuelezea watoto wetu kwamba hapa watu walikuwa wanapita.

Na nyinyi wenye baiskeli, nendeni. Tokeni mapema, bebeni maji mengi kuliko mnavyodhani, pampu na gundi ya pancha, maana miiba ya migunga haina huruma. Mkikuta boma, amkieni na mwombe kupita. Kurudi, msijifanye mashujaa: sisi tulipandisha baiskeli juu ya matatu, tukalala mpaka Kiserian.