Kabla ya kuamini kibao cha "Montessori"

Wadau, dada yangu kahamia Dar akitokea Mwanza, na hata kabla hajamaliza kufungua mizigo ananiuliza: mtoto wa miaka mitatu na nusu aende chekechea gani? Mtaani kwake kuna vibao viwili vya "Montessori" na ada zake zinapishana kama mbingu na ardhi. Eti mimi mwandishi wa habari najua kila kitu. Nikaona nimpe historia kwanza.

Montessori si kampuni. Ni jina la mama wa Kiitaliano, Maria Montessori, aliyehitimu udaktari Roma mwaka 1896. Alianza na watoto wenye ulemavu wa akili, akitumia vifaa vya kushikika vilivyotokana na kazi ya Wafaransa Itard na Séguin. Watoto wale walipofanya vizuri, akajiuliza swali zito: kama hawa wameweza, basi wale wasio na ulemavu shule inawarudisha nyuma kwa lipi?

Jibu alilipata San Lorenzo, mtaa wa makabwela wa Roma. Kampuni ya majengo ilikarabati nyumba za ghorofa ikazipangisha kwa familia za wafanyakazi. Wazazi wakienda kazini, watoto wadogo wanashinda kwenye ngazi wanachafua kuta mpya. Kampuni ikaona nafuu kuweka mlezi kuliko kupaka rangi kila mara (wenye nyumba ni walewale popote!). Tarehe 6 Januari 1907 kikafunguliwa chumba humohumo ndani ya jengo, Casa dei Bambini, yaani Nyumba ya Watoto.

Ada hakuna. Lakini mama alitakiwa amlete mtoto akiwa msafi, na azungumze na mwalimu walau mara moja kwa wiki. Mwalimu naye aliishi jengo hilohilo. Kwa hiyo shule hii ambayo leo wengi wanaihesabu ya watoto wa wakubwa, ilizaliwa kwa ajili ya watoto wa wapangaji.

Kuna kisa nakipenda. Vifaa vilikuwa vinafungiwa kabatini. Siku moja kabati likaachwa wazi na mwalimu akachelewa. Alipofika akakuta watoto wamejichukulia wenyewe na kila mmoja yuko kazini kwake. Tangu hapo yakaja makabati mafupi, ya wazi, ambayo mtoto anayafikia.

Sasa kuhusu vibao. Huko Marekani vyama viwili viligombea jina hili, na mwaka 1967 uamuzi ukatoka kwamba ni neno la kawaida la kueleza mtindo wa kufundishia, si mali ya mtu. Yaani kibao peke yake hakithibitishi kitu.

Kwa hiyo nimemwambia dada asiulize ada kwanza. Aingie darasani. Watoto wa miaka 3 hadi 6 wamechanganywa? Vifaa viko chini wanapovifikia, au vimepangwa juu kwa ajili ya wageni? Herufi za msasa zimechakaa kwa kupapaswa au bado mpya? Na mwalimu kasomea wapi? Hapa nchini vipo vyuo vya walimu wa Montessori, vikiwemo vya masista, Wakatoliki na Walutheri.

Jumatatu tunaanza na kile kibao cha ada ndogo.