Dawa ya Kumlaza Mtoto

Wasikilizaji, kila aliyepata kulea mtoto mchanga ajua usiku ulivyo mrefu. Mzaliwa wangu wa kwanza alipotimiza majuma matatu, mimi mwalimu, niliyezoea kunyamazisha wanafunzi arobaini kwa kugonga meza mara moja, nilishindwa kumnyamazisha kiumbe kimoja kisicho na jino. Basi leo nataka kuwasimulia jinsi watu wa zamani walivyoutafuta usingizi wa watoto wao, na thamani waliyoilipa.

Jambo hili si geni. Katika Misri ya kale kiliandikwa kitabu cha matibabu kiitwacho Papiri ya Ebers, mnamo mwaka 1550 kabla ya Kristo. Humo imo dawa ya mtoto asiyeacha kulia: vichwa vya mmea ambao wataalamu wengi wasema ndio utoao afyuni, vichanganywe na uchafu wa nzi ulio ukutani, vichujwe, naye mtoto anywe siku nne. Uchafu wa nzi na tuuache. Afyuni ndiyo iliyofanya kazi.

Lakini msiba mkubwa ulitokea Uingereza, zama za viwanda. Mama aliondoka alfajiri kwenda kusuka nguo kwa mashine, akamwacha mchanga wake kwa mwanamke mzee aliyelea watoto kadhaa kwa ujira mdogo. Jioni alirudi amechoka kabisa, na kesho yake asipowahi hupungukiwa mshahara. Duka la jirani liliuza kwa bei rahisi chupa ya Godfrey's Cordial, nayo ilikuwa afyuni iliyotiwa katika maji matamu ya sukari na viungo. Mtoto akipewa kijiko, alinyamaza. Friedrich Engels aliitaja dawa hiyo kwa jina katika kitabu chake cha mwaka 1845 juu ya hali ya wafanya kazi wa Uingereza. Nguvu zake hazikuwa sawa duka kwa duka, hata kipimo kilichomlaza mtoto jana kiliweza kumwua leo. Tena wengi hawakufa kwa siku moja. Mtoto aliyeleweshwa halii kwa njaa, wala hanyonyi. Alikonda polepole, uso ukakunjamana kama wa mzee, na watu wakasema amekufa kwa udhaifu. Mimi siwezi kuwalaumu mama wale. Ni mwaka 1891 tu sheria ilipokataza kuwaajiri viwandani kabla ya majuma manne tangu kujifungua.

Huko Marekani, tangu mwaka 1849, iliuzwa Mrs. Winslow's Soothing Syrup, ikitangazwa kwa picha nzuri za mama na mtoto. Ndani yake mlikuwa na mofini, nayo hupunguza pumzi hata ikakoma. Mwaka 1905 Samuel Hopkins Adams alizifichua dawa za namna hii katika gazeti la Collier's, na sheria ya mwaka 1906 ikalazimisha mofini na afyuni ziandikwe juu ya chupa. Mama akaweza kusoma alichokuwa akimnywesha mwanawe.

Ajabu ni kwamba huenda wengi wa watoto wale hawakuwa na ugonjwa wo wote. Mtoto mchanga hazaliwi akijua usiku na mchana. Tumbo lake ni dogo, na usingizi wake hugeuka kila baada ya dakika hamsini au sitini, akajinyoosha, akaguna, pengine akaamka. Mwaka 1953 Nathaniel Kleitman na Engelmann walitoa habari za watoto 19 waliowachunguza tangu juma la tatu hata la ishirini na sita, wakaona jinsi usingizi unavyohamia usiku kidogo kidogo.

Mwanangu alilala usiku kucha mara ya kwanza katika mwezi wake wa nne, bila ya dawa. Usiku ule mimi niliamka mara tatu, nikainama juu yake gizani kusikiliza kama anapumua.