Ndinga ya Wazi Ndani ya Chuga: Paa la Turubai Linalipa au ni Mbwembwe Tu?

Oktoba 2024 Arusha ilijaa Land Rover. Sio kumi, sio mia. Msafara wa lile tamasha uliripotiwa kuvuka magari 1,000, lengo likiwa kuipiku rekodi ya Wajerumani ya magari 632 iliyowekwa 2018. Kwenye msururu wa namna ile macho ya watu hayaendi kwenye Land Rover mpya yenye AC na vioo vyeusi. Yanaenda kwenye ile ya kizee iliyovuliwa paa, dereva kavaa miwani, abiria wamesimama nyuma wanapunga mikono kama wamechaguliwa ubunge.

Hapo ndipo ugonjwa unapoanzia. Chalii wa Sokon I akirudi nyumbani usiku anafungua simu, anaanza kuperuzi yadi za Japani: Mazda Roadster, viti viwili, usukani kulia kama wetu, paa la kitambaa linalokunjwa kwa mkono. Bei inavutia. Anapiga hesabu ya ushuru, na ushuru wa uchakavu juu yake maana gari lenyewe lina umri wa kuoa. Anapiga na hesabu ya kulikodisha kwenye harusi. Akiba yake ya miaka kadhaa iko mezani. Swali moja linamkosesha usingizi: lile paa la kitambaa, kwa jua na vumbi na masika ya hapa, ni paa kweli au ni pazia?

Swali hilo Arusha imekuwa ikijiuliza kwa karibu miaka mia, japo sio kwa maneno hayo.

Mwanzoni kabisa hakukuwa na swali. Gari lilikuwa la wazi, basi. Magari ya miaka ya 1910 na 1920, Ford Model T likiwemo, mengi yalikuja na kifuniko cha turubai kilichoshikiliwa na mbavu za mbao au chuma. Paa gumu lilikuwa anasa ya matajiri, kinyume kabisa na leo. Wawindaji waliokuwa wakizunguka Kenya na Tanganyika walilichukua gari la namna hiyo, wakakata sehemu ya nyuma, fundi seremala akapachika boksi la mbao la kubebea bunduki, mahema na vyakula. Juu turubai. Pembeni hewa. Kwa hiyo mtu akikwambia gari la wazi ni ushamba wa vijana wa sasa, mwambie babu zake wazungu walianza.

Mwaka 1948 ikaja Land Rover. Ilizinduliwa Aprili kwenye maonyesho ya magari Amsterdam, na bodi yake ilikuwa ya aluminiamu kwa sababu Uingereza baada ya vita chuma kilikuwa cha mgawo. Ile ya kwanza ilikuwa ya wazi, na ukitaka kujifunika unavuta turubai. Haikutengenezwa kwa ajili ya mbwembwe, ilitengenezwa kwa mkulima. Turubai lilikuwa jepesi, rahisi, na likichanika halihitaji fundi bodi, linahitaji fundi mwenye sindano nene. Baadaye kidogo likaja wazo lililowakomboa watu wa nchi za joto: paa la bati lenye bati la pili juu yake, katikati nafasi ya hewa kupita. Jua linachoma la juu, la chini linabaki na nafuu. Ukiiona Land Rover ya zamani pale mjini yenye kama kofia juu ya kofia, ndio hiyo.

Sasa twende kwenye sinema, maana hapa ndipo Arusha ilipoiuzia dunia nzima ndoto ya gari la wazi.

Mwishoni mwa 1960 na mwanzoni mwa 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, Howard Hawks alileta kamera zake Tanganyika kupiga *Hatari!* Jina la Kiswahili kabisa, tena na alama ya mshangao. John Wayne ndani, Elsa Martinelli ndani, Hardy Krüger ndani. Filamu ikatoka 1962. Hadithi yenyewe ni ya watu wanaokamata wanyama wakubwa kwa ajili ya mbuga za maonyesho za ng'ambo, na kambi yao ipo huku kwetu, Momella, chini ya Mlima Meru. Wanakamata vipi? Kwa gari. Wanamkimbiza twiga au kifaru, mtu kakaa kwenye kiti kilichofungwa mbele juu ya tairi, mkononi ana mti mrefu wenye kitanzi. Huyo mtu mara nyingi ni John Wayne mwenyewe, sio mtu wa kumwigizia. Waigizaji walifanya kazi ile kweli, na wanyama walikuwa wa kweli.

Tazama yale magari vizuri. Hayana paa kwa sababu yasingeweza kuwa na paa. Mtu wa kitanzi anahitaji kuinuka, kuinama, kugeuka. Dereva anahitaji kuona mnyama alipo bila nguzo kumkata macho. Na gharama ya uwazi ule filamu inakuonyesha mwanzoni kabisa, haikufichi: kifaru anapiga gari, mmoja wa jamaa anajeruhiwa vibaya, na filamu nzima inaendelea huku kila mtu akimwogopa kifaru. Watu wengi wakiikumbuka filamu hii wanakumbuka ndovu watatu wadogo wakimfukuza dada wa watu mjini Arusha, pamoja na ule muziki wa Henry Mancini. Wanasahau kwamba ilianza na gari la wazi, pembe na damu.

Krüger alipapenda Momella kiasi cha kununua shamba na kuishi huko miaka. Hiyo tu inatosha kueleza sumu iliyomo kwenye picha zile. Mtu alikuja kuigiza dereva wa gari lisilo na paa, akaona asirudi kwao.

Lakini wakati Hollywood inauza upepo kwenye nywele, barabara zilezile za Afrika Mashariki zilikuwa zinatoa majibu mengine. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, ambayo baadaye dunia iliyajua kama Safari Rally. Maelfu ya kilomita za tope, vumbi na mawe. Pitia orodha ya washindi: Volkswagen Beetle, Ford Zephyr, Mercedes, Peugeot 404 iliyobeba kombe mara nne, Volvo ya Joginder Singh 1965. Zote zimefunikwa. Huoni hata moja ya wazi.

Mfano mtamu zaidi ni Datsun. Nissan walikuwa na gari lao dogo la michezo la wazi, Fairlady, lenye paa la kitambaa. Kuelekea 1970 wakalipumzisha wakaleta mrithi wake, 240Z, na mrithi akaja na paa la chuma lisilofunguka. Gari hilo likashinda Safari 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann, na 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, Mhindi aliyezaliwa Uganda. Sio kwamba paa ndilo lilishinda kombe. Ila bodi lenye paa la chuma ni kama boksi la viatu lenye mfuniko: jaribu kulipinda. Ondoa mfuniko, jaribu tena. Gari la wazi linalazimika kuongezewa chuma chini ili lisijipinde, na kwenye makorongo lile chuma bado halifikii kazi ya paa.

Miaka hiyohiyo Marekani nako wasiwasi wa sheria za usalama ulikuwa umewashika watengenezaji, wakihofia magari ya wazi yatapigwa marufuku kwa sababu yakipinduka hayana kinga. Cadillac Eldorado ya 1976 ikauzwa kwa tangazo kwamba ni ya mwisho ya aina yake nchini humo. Sheria iliyoogopwa haikuja, na baadaye magari ya wazi yakarudi. Wapo walionunua kama akiba ya uzeeni. Poleni wazee.

Arusha yenyewe ilipata suluhisho lake, na halikutoka kwa mbunifu wa Ulaya. Nenda gereji zinazotengeneza Land Cruiser za watalii. Wanalikata gari, wanalirefusha, wanaweka viti zaidi, na juu wanaweka paa la chuma linaloinuka kwa nguzo. Mtalii anasimama, anapiga picha ya simba, kivuli kipo, na jioni mvua ikija paa linashuka. Ni jibu la watu wenye kazi ya kulipa mikopo. Uwazi upo, ila umepimwa.

Na turubai? Turubai lipo mtaani kila siku, ni vile tu halina heshima. Bajaji ni nini kama sio gari la wazi lenye paa la kitambaa? Mvua ikianza dereva anashusha yale mapazia ya plastiki, abiria wa pembeni analoa goti moja, maisha yanaendelea. Usicheke. Magari ya michezo ya Kiingereza ya miaka ya 1950, kama MGA ya wazi, hayakuwa na vioo vya kupandisha. Yalikuwa na vipande vya pembeni vya kuchomeka, akili ileile ya bajaji, kwa bei ya bwana mkubwa.

Kwa hiyo tumrudie chalii wetu na Mazda yake. Gari hilo lilitambulishwa Chicago mwaka 1989, na kufikia 2016 lilikuwa limetengenezwa milioni moja. Sio gari bovu, na paa lake ni akili tupu: jepesi, uzito hauko juu, ukiwa umekaa kwenye kiti unalirusha nyuma kwa mkono mmoja taa ikiwa nyekundu. Paa la chuma linalojikunja, kama lile Mercedes walilolitoa na SLK miaka ya 1990, ni tamu, lakini lina mota, mafuta ya presha na swichi nyingi. Likigoma nusu njia, uko wazi na mvua inanyesha, na spea iko mbali. Kwenye hilo turubai linashinda bila ubishi.

Shida ni hali ya hewa ya hapa. Jua la karibu na ikweta, tena kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, linakausha vinaili mpaka inapasuka kwenye mikunjo. Kioo cha nyuma cha plastiki kwenye matoleo ya kwanza kinakuwa cha njano kama chai ya maziwa, na ukikikunja asubuhi ya baridi ya Julai kinapasuka. Matoleo ya kuanzia 1998 yalikuja na kioo halisi. Hiyo tofauti ina thamani kuliko rimu zozote. Halafu vumbi. Vumbi la volkano la Meru ni laini, linaingia kwenye mikunjo, na kila ukifungua na kufunga linasugua kitambaa kama msasa.

Ila muuaji mkubwa haonekani. Maji yanayotiririka kwenye lile paa yanatakiwa yashuke kwenye vitundu viwili nyuma ya viti, yapite ndani ya bodi, yatoke chini. Oktoba na Novemba jakaranda za Arusha zinamwaga maua, kila mtu anaposti picha za zambarau. Maua hayo yakioza ndani ya vitundu, masika yakifika maji yanakosa njia. Yanalowesha kapeti, yanatuama kwenye chuma cha chini ya milango, kutu inakula kimyakimya. Gari linang'aa juu huku chini limekuwa biskuti. Na chuma hicho, kumbuka, ndicho kinachofanya kazi ya paa ambalo halipo.

Wizi nao ni hesabu yake: turubai linafunguka kwa wembe. Wanaolijua gari la wazi hawafichi mkoba ndani wakafunga mlango, wanautoa mkoba kabisa. Mwenye nyumba yenye geti na banda la kuegesha ana nusu ya ushindi. Anayelaza gari nje ya geti huko Sokon I ajue kwamba ananunua paa jipya kila baada ya misimu michache, na fundi wa viti anaweza kulishona vizuri tu, mradi asishone kwa uzi wa nguo, maana huo unaoza mapema kuliko kitambaa.

Kwa matumizi ya harusi za Jumamosi na matembezi ya Januari, turubai linalipa. Kwa gari moja la pekee, la kwendea kazini Aprili na kumpeleka mtoto kliniki, halilipi, na bomba la kinga ya kupinduka nyuma ya viti linunuliwe kabla ya redio.

Anayekwenda kukagua gari la namna hii aende siku mbili baada ya mvua kubwa. Asianze na paa. Ainue kapeti nyuma ya kiti, aweke kiganja pale chini, kisha anuse.