Mkate wa soda wa Ayalandi: bila levire, bila kungoja

Huko Ayalandi, mkate wa nyumbani wa tangu zamani hauinuliwi na levire. Unainuliwa na bikabonati, ile poda nyeupe ya dukani, pamoja na maziwa machachu. Ndiyo maana unaitwa mkate wa soda.

Bikabonati ilianza kutumiwa huko katika miaka ya 1830, na ilipendwa upesi. Ngano ya ile nchi ya mvua ni laini, haina nguvu ya kushika vizuri mkate wa levire. Tena, nyumba nyingi za wakulima hazikuwa na furu. Mama alikuwa na chungu kizito cha chuma tu: anatia mkate ndani, anafunika, anapanga makaa juu ya mfuniko. Wamama wa huku wanaochoma keki mu sufuria, makala chini na makala juu, hiyo hawahitaji kufundishwa.

Unga wa ngano ni gramu 450, bikabonati kijiko kidogo kimoja, chumvi kijiko kidogo kimoja, maziwa machachu kama mililita 350 mpaka 400. Wenyewe wanatumia maziwa yanayobaki kisha kusukwa na kutolewa siagi. Kama hayapo, maziwa ya kuganda yaliyolegezwa na maji kidogo yanafaa, ama maziwa ya kawaida yenye maji ya ndimu, yaliyoachwa dakika 10. Uchachu ndio kazi yote: ukikutana na bikabonati unatoa hewa, na ile hewa inainua mkate. Bila uchachu, mkate unabaki jiwe. Bikabonati ikizidi, ladha inakuwa ya sabuni.

Wengi wanaharibu kwa kukanda, juu wamezoea mkate wa levire. Huu haukandwi. Changanya vikavu, mimina maziwa katikati, zungusha mkono mpaka vishikane, basi. Hewa imeshaanza kutoka, kwa hiyo moto uwe tayari mbele ya kumimina maziwa.

Fanya duara nene, ukate msalaba juu, na kisu kiingie sana. Wazee wa huko wanasema ni baraka, wengine wanasema ni kutoa majini. Kazi yake ya kweli ni kufikisha moto katikati. Kwa furu, ni digrii 230 kwa dakika 15, kisha 200 kwa dakika 30 hivi. Gonga chini: ukisikia sauti ya kitu chenye uwazi ndani, umeiva.

Kaskazini mwa kisiwa wanaugawa vipande vinne na kuuchoma juu ya bamba la chuma, pande zote mbili. Sukari, mayai na zabibu kavu si za mkate wa kila siku. Utamu mwingi ulizidi Marekani, kwa wahamiaji.

Unaliwa siku ileile, na siagi nyingi na chai, ama pembeni ya supu. Unakauka haraka. Kesho yake, kata vipande uvichome tena.